Kupima kujiamini kwa walimu wa michezo kufundisha wanafunzi wenye ulemavu: mbona kila mtu anajipa 4 na 5?

Mtafiti_Mchanga (muuliza swali)

Wakuu, habari za kazi. Naandaa utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu walimu wanaofundisha michezo katika shule za msingi jumuishi, halmashauri tatu, walimu kama 180 hivi. Nataka kupima kujiamini kwao kabla na baada ya mafunzo ya siku tano. Dodoso langu lina kauli 20 za aina hii:

"Ninajiamini kufundisha wanafunzi wenye ulemavu katika somo la michezo."
"Ninaweza kurekebisha vifaa na kanuni za michezo kwa ajili ya mwanafunzi mlemavu."
"Sina uwezo wa kumfundisha mwanafunzi asiyeona."

Majibu ni 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Nimelijaribu kwa walimu 24, karibu wote wamejiwekea 4 na 5, halafu kauli zenye "sina" zimejibiwa hovyo hovyo. Alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi kauli zinavyokwenda pamoja) imetoka 0.96 na msimamizi kafurahi. Mimi sijafurahi. Kama wameanza na 4.5, mafunzo yatawapandisha wapi? Tatizo ni walimu, ni dodoso, au ni mimi?

---

Rula_na_Penseli

Tatizo ni dodoso, mkuu, na bahati nzuri umeligundua kwa watu 24.

Alfa ya 0.96 isikufurahishe wala isimfurahishe msimamizi. Alfa hupanda kauli zikiwa zinarudia neno lile lile. Ukimuuliza mtu mara 20 kwa maneno yanayofanana kama anajiamini, atajibu mara 20 kwa namna moja, na alfa itakuwa juu. Umepima uthabiti wa mwangwi.

Kujiamini unakokutafuta si tabia ya mtu kwa ujumla. Kwa maana aliyoiweka mwanasaikolojia Albert Bandura tangu 1977, ni imani ya mtu kwamba anaweza kufanya kazi fulani, katika hali fulani. Mwalimu yule yule anaweza kuwa na uhakika mkubwa wa kumfundisha mtoto mwenye magongo kurusha mpira, na asiwe na uhakika hata kidogo wa kumfundisha mtoto asiyeona kukimbia mita 60. Ukimuuliza "wanafunzi wenye ulemavu" kwa mkupuo, kichwani atamchagua mtoto mmoja, mara nyingi yule rahisi aliyewahi kumwona, kisha atakujibu kuhusu huyo. Wewe hujui ni nani. Mwalimu wa pili kamchagua mwingine. Halafu unakokotoa wastani wao.

Bandura alitoa mwongozo wa kutunga vipimo vya aina hii mwaka 2006, na mambo matatu ndani yake yanakugusa moja kwa moja. Kwanza, kauli iulize "unaweza", isiulize "utafanya" wala "unapenda", kwa sababu nia na mapenzi ni mambo mengine. Pili, kauli zipande ugumu kama ngazi. Ngazi ya juu iwe ngumu kiasi kwamba hata mwalimu hodari asite. Bila ngazi hiyo kila mtu anagonga dari, na ndicho kilichokupata. Tatu, dodoso lenyewe lisiandikwe juu kabisa "Kipimo cha Kujiamini". Liite jina la kawaida tu, mathalani "Maoni kuhusu ufundishaji wa michezo". Mwalimu akiona neno kujiamini kwenye kichwa cha karatasi iliyopitia ofisi ya mwalimu mkuu, atajiamini palepale.

Kwa fani yetu hasa kuna kipimo kinachoitwa SE-PETE-D, kilichochapishwa 2013 na Block, Hutzler, Barak na Klavina. Kilitengenezwa kwa ajili ya wanachuo wanaosomea ualimu wa michezo. Kinaleta visa vitatu: mtoto mwenye ulemavu wa akili, mwenye ulemavu wa viungo na asiyeona, chini ya kila kisa zinafuata kauli zake. Kuna kingine, TEIP, cha Sharma, Loreman na Forlin cha 2012, kauli 18 na ngazi 6 za majibu, lakini hicho ni cha ualimu jumuishi kwa jumla: mbinu za kufundishia, ushirikiano na wenzako na wazazi, na kudhibiti tabia darasani. Hakina uwanja, hakina mpira, hakina jasho. Wengi wanakichukua hicho kwa sababu ni kifupi, kisha wanaandika kwamba wamepima walimu wa michezo.

Ushauri wangu: chukua muundo wa visa, usichukue visa vyenyewe. Tunga vya kwenu. Mfano:

*Juma yuko darasa la tano. Ana mtindio wa ubongo na anatumia kiti cha magurudumu. Mkono wa kulia una nguvu, wa kushoto unakakamaa. Anaelewa maelekezo vizuri. Darasa lina wanafunzi 65, uwanja ni wa udongo, mipira ipo minne. Leo ni kurusha na kudaka, dakika 40.*

Kwa hali hii, una uhakika kiasi gani kwamba unaweza:
1. kumweleza Juma kanuni za mchezo pamoja na wenzake?
2. kumchagulia mpira ambao anaweza kuudaka?
3. kuwaelekeza wanafunzi wenzake namna ya kumrushia?
4. kubadilisha kanuni ili Juma aguse mpira karibu mara nyingi sawa na wengine?
5. kuzuia wenzake wasigongane na kiti chake mchezo ukiwa umechangamka?
6. kupima kama urushaji wake umeendelea baada ya wiki nne?
7. kufanya hayo yote bila mwalimu msaidizi?

Tazama ya 1 na ya 7. Ya 1 wengi watajipa alama za juu, ya 7 watafikiria. Ukiona ya 7 nayo imejaa alama za juu kabisa, bado ngazi yako ni fupi.

Na kauli ya 4 imeandikwa "aguse mpira" kwa makusudi. Ukiandika "kumshirikisha Juma", mwalimu anayemkabidhi Juma filimbi na saa akae pembeni atajipa alama zote, kwa sababu kwake huko ndiko kushirikisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 30, unataka mtoto ashiriki michezo sawa na watoto wengine, na shuleni pia. Kutunza saa si kushiriki riadha.

---

Kinyume_Nyume

Naongezea upande wa lugha, maana hapo ndipo dodoso nyingi za Kiswahili hufia.

Kauli za "sina" na "siwezi" ziondoe zote. Walimu wako hawakuwa wazembe, lugha yetu ndiyo imekujibu. Ukimuuliza Mswahili "Huna kalamu?" naye hana, atakujibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sina. Sasa mpe kauli "Sina uwezo wa kumfundisha mwanafunzi asiyeona" na chaguo la "Sikubali". Mwalimu anayejiona ana uwezo inabidi akatae kukana kwake. Mmoja atasoma "sikubali" kama jibu la kauli nzima, mwingine kama mwendelezo wa "sina". Ukija kwenye uchambuzi, kauli hizo zitajikusanya peke yake na utadhani umegundua kipengele kipya cha kujiamini, kumbe ni kipengele cha sarufi.

"Kurekebisha vifaa na kanuni" ni maswali mawili. Anayeweza kubadilisha kanuni lakini hana hata kipande cha kamba afanye nini, ajipe nusu? Kila palipo na "na" au "au", vunja.

Neno "kujiamini" lenyewe lina kasoro. Kwa watu wengi linabeba haiba: mtu asiyeogopa kusimama mbele za watu, na wakati mwingine mwenye majivuno kidogo. Mwalimu mpole atajipunguzia kwa adabu tu. "Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza…" ni refu lakini linauliza kazi, halimuulizi mtu. Na tafadhali usitumie "ufanisi binafsi" hata kama umeona mahali. Ufanisi ni matokeo ya kazi, wewe unauliza imani kabla ya kazi.

"Mwanafunzi mlemavu" badilisha kuwa "mwanafunzi mwenye ulemavu", lakini usiishie kwenye adabu. Taja kinachohusu uwanja: anaona nini, anasikia nini, anashika kwa mkono upi, anaelewa maelekezo ya hatua ngapi. "Asiyeona" na "mwenye uoni hafifu" ni watoto wawili tofauti kabisa kwenye mpira. Jina la ugonjwa peke yake halimwambii mwalimu kitu.

Ikiwa kuna sehemu utatafsiri kutoka kipimo cha nje (omba ruhusa ya wenyewe kwanza), njia iliyozoeleka ni hii: watafsiri wawili kila mmoja kivyake, mmoja ajue somo na mwingine asijue, wakae waunganishe, wengine wawili ambao hawajaona asili warudishe kwenye lugha ya mwanzo, kamati ikague, kisha jaribio kwa watu 30 hadi 40. Kurudisha tafsiri kunanasa makosa ya maana, hakunasi Kiswahili kibovu. Sentensi mbaya ya neno kwa neno hurudi vizuri sana kwenye lugha ilikotoka, na watu wanapiga makofi.

Kwa hiyo kabla ya jaribio kaa na walimu 8 hadi 10, mmoja mmoja, dakika 40 hivi. Mpe kisa, asome kwa sauti, ajibu, kisha muulize: "Ulipojiwekea alama hii, ulikuwa unafikiria nini? Ingekuwaje ujipe pungufu?" Usimuulize "Umeelewa?" maana atasema ameelewa.

---

Mtafiti_Mchanga

Nashukuru sana wakuu. Maswali mawili kabla sijaanza upya. Ngazi ya majibu iwe 1–5, 0–10 au 0–100? Nimeona Bandura anatumia 0–100. Na hao 180 wanatosha kwa uchambuzi wa faktari (kuona kauli zipi zinajikusanya pamoja) halafu tena kwa kabla na baada?

---

Wastani_Tu

0–100 kwa mwalimu wa Tanzania ni mtego. Ameishi na alama hizo maisha yake yote. 75 kwenda juu ni A, 65 ni B, 45 ni C, 30 ni D, chini ya hapo ni F. Hawezi kujipa 25, atakuwa amejifelisha. Utaona majibu yamerundikana 75 na 80, na chini ya 45 hakuna kitu. 1–5 nayo ni fupi, haina nafasi ya kuonyesha badiliko dogo. Tumia 0–10 na uandike maneno sehemu tatu tu: 0 "sina uhakika hata kidogo", 5 "nina uhakika wa wastani", 10 "nina uhakika kamili". Anza na zoezi la kujipasha moto ambalo halihusu ualimu: "una uhakika kiasi gani unaweza kubeba ndoo ya maji ya lita 5, lita 10, lita 20, ndoo mbili za lita 20 kwa mpigo, kwa umbali wa mita 100?" Dakika mbili, na mtu anajifunza kuitumia ngazi nzima. Asiyeshuka hata kwenye ndoo mbili, zungumza naye kabla hajaendelea.

Usiweke chaguo la "hainihusu". Mwalimu ambaye hajawahi kuwa na mtoto kiziwi darasani bado ana imani fulani kuhusu uwezo wake, na imani hiyo ndiyo unayoitafuta. Uzoefu uulize kando: amewahi kufundisha mtoto wa aina hii, mara ngapi, ana ndugu mwenye ulemavu, alisoma somo la elimu maalumu chuoni au la. Baadaye utavihitaji kueleza tofauti.

Kuhusu idadi. Tuseme utakuwa na visa vinne: mara kauli 7 ni kauli 28. Kwa kanuni ya kienyeji ya watu 5 hadi 10 kwa kila kauli, unahitaji 140 hadi 280, kwa hiyo 180 wanatosha kwa uchambuzi mmoja wa kutafuta faktari. Hawatoshi kutafuta na kuthibitisha, na kuthibitisha kwa watu wale wale uliowatafutia ni kujisahihishia mtihani. Chagua moja useme wazi. Idadi ya faktari iamue kwa uchambuzi sambamba, yaani unalinganisha na data za kubahatisha. Ile kanuni ya zamani ya kubakiza kila faktari ambayo thamani yake ya eigen inazidi 1 huzalisha faktari za ziada. JASP na jamovi ni programu za bure na zote zinafanya hilo.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalioni. Ukirudia kauli zile zile chini ya kila kisa, "kubadilisha kanuni" ya Juma itafanana na "kubadilisha kanuni" ya mtoto asiyeona kwa sababu ya maneno tu. Mfumo utavuta pande mbili: kauli zinajikusanya kwa mtoto na pia kwa kazi. Ukithibitisha muundo wa visa vinne bila kuruhusu makosa ya kauli pacha yahusiane, vipimo vya ulinganifu wa muundo na data vitakuwa vibaya na utaanza kufuta kauli nzuri. Ruhusu uhusiano huo tangu mwanzo, kwenye pendekezo la utafiti, si baada ya kuona matokeo.

Alama toa kwa kila kisa, usijumlishe. Wastani wa 6.5 wa visa vyote unaweza kuwa 9 kwa Juma na 4 kwa asiyeona, na mafunzo yanahitaji kuijua ile 4. Aliyeruka kauli mbili au zaidi kati ya 7, acha kisa hicho bila alama.

Kabla na baada: pata kwanza kelele ya kipimo chako, yaani alama zinavyoyumba zenyewe bila mafunzo. Walimu 40 wasiopata mafunzo wajaze mara mbili, wiki mbili katikati. Tuseme mkengeuko sanifu (mtawanyiko wa alama) ni 1.5 na uthabiti kati ya mara hizo mbili ni 0.85. Kosa sanifu la kipimo ni 1.5 mara kipeuo cha pili cha 0.15, yaani 0.58. Badiliko dogo kabisa unaloweza kuliamini kwa mtu mmoja ni 1.96 × 1.41 × 0.58, yaani karibu 1.6. Mwalimu aliyetoka 6 akafika 7 usimwandikie kuwa amebadilika. Kwa kundi la watu 64 unagawa hiyo 1.6 kwa kipeuo cha pili cha 64, inabaki 0.2, kwa hiyo kundi linaweza kuonyesha badiliko ambalo mtu mmoja mmoja haonyeshi. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku.

Jiandae pia alama KUSHUKA baada ya mafunzo. Siku ya kwanza mwalimu hajui asichokijua, anajipa 8. Siku ya tano kaona kazi ilivyo, anajipa 6, na hiyo 6 ni bora kuliko ile 8. Mwisho wa mafunzo muulize mara mbili: "kwa sasa" na "ukitazama nyuma, kabla ya mafunzo ulikuwa wapi kweli". Hilo la pili nalo lina ugonjwa wake, watu hukuza maendeleo ili kumfurahisha mwezeshaji. Ndiyo maana usiache lile la siku ya kwanza. Kisha rudi wiki 8 hadi 12 baadaye, wakiwa wamekutana na watoto, maana kufanya na kufanikiwa ndicho chanzo chenye nguvu kuliko vyote cha imani hii. Kama una uwezo, halmashauri moja isubiri mafunzo iwe ya kulinganishia.

Kuunganisha karatasi bila majina: kuna mtindo wa kuomba herufi mbili za mwanzo za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Hapa kwetu nusu wataandika MA, kwa sababu mama yao ni Mama Neema. Wengine leo Hadija, kesho Khadija. Wengine Rehema na Lehema. Tumia tarehe ya siku ya kuzaliwa (01–31), herufi ya kwanza ya kijiji au mtaa alikozaliwa, na amezaliwa wa ngapi kwa mama yake. Andika mfano juu ya karatasi zote, kabla na baada.

---

Filimbi_ya_Pili

Hesabu zimekaa vizuri. Mimi nina neno kuhusu visa vyenyewe, maana kisa kikiandikwa na mtu asiyejua uwanja mwalimu atakinusa.

Usiache ualbino. Visa vya vipimo vya nje havina mtoto huyu na shule zetu zinaye. Watunzi wa visa humwandikia ngozi tu wakasahau macho: uoni hafifu, mwanga mkali unamuumiza, macho yanachezacheza. Mpira mweupe kwenye uwanja wa udongo mkavu saa 6 mchana haupo kwake. Kauli nzuri hapa: (mtoto wa kisa tumwite Asha) "kuchagua mpira wa rangi ambayo Asha anaiona kutoka mita 5", "kupanga upande wa kusimama ili asitazamane na jua", "kuendesha somo kivulini bila kulifupisha". Kauli mbaya: "kuhakikisha kipindi cha michezo kinawekwa saa 2 asubuhi". Ratiba ni ya mwalimu wa taaluma. Hapo utapima mamlaka, na mwalimu atajipa 2 kwa sababu ambayo mafunzo yako hayaigusi kabisa.

Mtoto kiziwi: filimbi haina kazi kwake, tumia bendera au mkono. Kauli ya ngazi ya chini ni "kutumia ishara ya kuonekana kuanzisha na kusimamisha mchezo". Ya juu ni "kusahihisha mtupo wake kwa Lugha ya Alama bila mkalimani". Hii ya mwisho karibu wote watajipa 0 hadi 3, iache ibaki, ndiyo dari uliyokuwa unaitafuta. Ya katikati wengi wanaisahau: kusimama ukiwa umelipa jua mgongo kunafanya uso wako uwe kivuli na mtoto asiuone mdomo wala mikono. Kwa Asha ulimgeuza asilitazame jua, kwa kiziwi lazima wewe ndiye ulitazame. Wakiwa darasa moja, mkao mmoja unawafaa wote wawili: wewe unalitazama jua, wao wanalipa mgongo.

Asiyeona: usiandike "mpira wa kengele" kana kwamba upo stoo. Mpira wa goalball (mchezo wa wasioona) una uzito wa kilo 1.25 na shule nyingi hazijawahi kuuona. Zamani mtu alifunga mpira kwenye mfuko wa nailoni ukachakarika. Tangu Juni 2019 mfuko huo hautakiwi Tanzania, na Kenya walitangulia 2017. Kinachotengenezeka ni mpira wa matambara wenye kikopo cha kokoto katikati. Unasikika ukiviringika, ukisimama unanyamaza, na hapo mtoto anaupoteza. Kwa hiyo kauli iwe "kumwezesha kuupata mpira uliosimama", kwa kuwa na mwenzake wa kuugonga, na si "kutengeneza mpira wa sauti" peke yake.

Ulemavu wa akili: taja hatua. "Anafuata maelekezo ya hatua moja, ya hatua mbili anasahau." Kama kisa ni cha mtoto mwenye Down syndrome na somo ni viungo, kuna usalama wa shingo. Baadhi yao mifupa miwili ya juu ya shingo imelegea, na kubingirika mbele kwa kichwa kunaweza kuumiza uti wa mgongo. Mwalimu anayejipa 10 kwa "kumfundisha kubingirika mbele kama wenzake" huenda hana uhakika, ana ujinga wa hatari. Dodoso lako haliwezi kumtofautisha na hodari.

Ndiyo maana weka swali moja la maarifa kwa kila kisa, la kuchagua jibu. Kwa kifafa, kwa mfano: mtoto ameanguka na anatetemeka, utafanya nini kwanza? Majibu yawe pamoja na kumbana asitetemeke, kumwekea kijiko mdomoni, na kuondoa vitu vya kumuumiza huku ukiangalia saa. Anayejipa 9 na kuchagua kijiko, huyo mtie alama kalamu nyekundu. Kijiko huvunja meno na kinaweza kuziba njia ya hewa. Inatakiwa asibanwe, alazwe ubavu, na ikizidi dakika 5 apelekwe hospitali.

---

Mzee_wa_Magoli

Mwalimu, samahani kwa kuingilia. Kwa nini msiende tu uwanjani mkawaangalia wanavyofundisha? Mtu anaweza kujipa 10 na hafundishi kitu.

---

Rula_na_Penseli

Mzee wangu, shikamoo. Uko sahihi nusu. Kuangalia kunaonyesha anachofanya mbele ya mgeni, kwa mtoto aliyepo siku hiyo. Hakukuambii kwa nini mwalimu mwenye ujuzi anamwacha mtoto kivulini asicheze. Mara nyingi sababu ni hofu kwamba ataumia mikononi mwake, na hofu hiyo inasomeka kwenye kauli ya 5 na ya 7 kabla hujafika uwanjani.

Mtafiti, vifanye vyote kwa kiasi. Chagua walimu 15 hadi 20 kati ya 180, waangalie kipindi kimoja kila mmoja, na uhesabu vitu viwili tu: mara ngapi mtoto mwenye ulemavu amegusa kifaa ukilinganisha na mwenzake mmoja uliyemchagua kabla ya kipindi, na dakika ngapi amekaa nje ya mchezo. Orodha ndefu ya kuangalia itakufanya utazame karatasi badala ya mtoto.

Kabla ya hapo wataalamu 6 wapitie kauli zako: wawili wa elimu maalumu, wawili wa michezo, na wawili walio wenyewe na ulemavu waliosoma shule jumuishi. Kila kauli waipe 1 hadi 4 kwa kufaa. Wanaotoa 3 au 4 wakiwa 5 kati ya 6, inabaki. Wakiwa 4, irekebishe au itupe.

---

Mtafiti_Mchanga

Nimeanza upya. Visa vinne: kiti cha magurudumu, asiyeona, kiziwi, ualbino. Kifafa nimekiweka kama swali la maarifa tu. Mnaionaje kauli hii ya ngazi ya juu kwa kisa cha asiyeona:

"Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kumwezesha Neema kukimbia mita 60 kwa kasi na kwa usalama, ukitumia kamba ya kuongozea na mwanafunzi mwenzake?"

---

Kinyume_Nyume

Umerudi kwenye "na". "Kwa kasi na kwa usalama" ni mbili: mwalimu anaweza kumkimbiza salama polepole. Na "ukitumia kamba" umempa jibu, ulitaka kujua kama angeifikiria mwenyewe. Andika: "kumwezesha Neema kukimbia mita 60 kwa kasi yake yote bila kujikwaa".

---

Filimbi_ya_Pili

Na kwenye kisa sema njia ya kukimbilia ikoje. Uwanja wenye mashimo na uwanja tambarare si swali moja. Bahasha za kurudishia karatasi ziwe za kufungwa kwa gundi, uzikusanye mwenyewe, zisipitie mezani kwa mwalimu mkuu. Vibali anza navyo leo, barua ikishuka kutoka mkoani hadi halmashauri na kufika kwa ofisa elimu kata, wiki zinakwenda, na shule zikifunga huna wa kumuuliza.